Magharibi ya Februari Si Magharibi ya Novemba



Kila Desemba simu zetu hujaa ujumbe mmoja. Unasema majira ya baridi yameingia, mchana umekuwa mfupi na usiku umekuwa mrefu, basi muumini aitumie nafasi: afunge mchana na asimame usiku. Chanzo chake ni maneno aliyoyapokea Imam Ahmad kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.), yanayoyafanya majira ya baridi kuwa msimu wa neema kwa muumini. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake, ingawa maana yake ni nzuri. Mimi mwenyewe niliwahi kuutuma ujumbe huo kwenye kundi la familia, na mjomba akanijibu kwa sauti kutoka nyumbani Bugarama: "Mpwa wangu, baridi gani hiyo? Huku mvua imekata barabara, na jua likitoka linachoma."

Tulicheka, mambo yakaisha. Lakini tangu Ramadhani iliyopita nimeanza kuamini kwamba ujumbe ule ni sehemu ya tatizo kubwa zaidi, na tatizo hilo limenigharimu saumu na sala. Ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza mahali. Bugarama ninayoisema si ile ya Muramvya, ambayo kila dereva wa Kayanza anaijua kwa soko lake. Ni yetu ya upande wa Rumonge, inayoanzia ufukweni Magara na kupanda milimani. Haifiki nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mbele yetu ni ziwa Tanganyika, ng'ambo yake milima ya Kongo, na nyuma yetu milima yetu wenyewe, imesimama karibu kama ukuta. Mkao huu wa ziwa na milima miwili utahitajika mbele.

Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4. Kwa sababu hiyo, katika mwaka mmoja tunaliona jua likisafiri kwenda kaskazini na kurudi kusini. Hufika mwisho wa safari ya kaskazini karibu na tarehe 21 Juni, na mwisho wa safari ya kusini tarehe 21 au 22 Desemba. Anayekaa mbali kaskazini, ile siku ya Desemba ndiyo mchana wake mfupi kuliko yote. Binamu yangu anaishi Brussels. Siku hiyo kwake jua huchomoza karibu saa 2:42 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10:45 jioni. Mchana haufiki hata saa 8. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinamwingilia ndani ya saa 4, akiwa kazini. Juni mambo hugeuka, mchana ukawa saa 16 na nusu. Mtu kama huyo akitumiwa ujumbe wa Desemba, anaambiwa jambo analoliona kwa macho.

Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo siku ileile ndiyo mchana wetu mrefu kuliko yote. Urefu wake ni kama saa 12 na dakika 20. Mchana wetu mfupi ni wa Juni, kama saa 11 na dakika 54. Kwa hiyo anayetaka saumu ya sunna yenye mchana mfupi pale Magara asubiri kiangazi, na atakachopunguziwa hakifiki nusu saa.

Usifikiri kwamba safari ya jua haionekani kwetu. Inaonekana sana, ila si kwenye urefu wa mchana. Simama ufukweni mwezi wa Juni: jua linazama limesogea kulia, upande wa Uvira. Simama tena Desemba: limehamia kushoto, upande wa Baraka. Kati ya pale na pale kuna nyuzi 47 hivi, zaidi ya nusu ya pembe mraba. Aya ya 17 ya Suratur Rahman inamtaja Mola kwa mashariki mbili na magharibi mbili, na wafasiri wengi, akiwemo Ibn Kathir, wameeleza kuwa ni mawio na machweo ya majira mawili, ya joto na ya baridi. Niliposoma tafsiri hiyo darasani nilikumbuka wavuvi wa ndagala wa kwetu, wanaojua jua "linalala" nyuma ya kilele gani mwezi gani. Hawajasoma Ibn Kathir.

Sasa nirudi kwenye saumu yangu.

Katika msikiti mmoja mdogo wa kwetu kuna ubao wa nyakati za sala. Uliandikwa kwa rangi Ramadhani ya mwaka 1424, iliyoangukia mwisho wa Oktoba na Novemba 2003. Aliyeuandika alipima vizuri kwa siku zile: Magharibi saa 11:55. Siku hizo za mwanzo wa Novemba jua kwetu huzama karibu saa 11:54, na dakika moja ni tahadhari. Ubao ukabaki. Rangi nzuri haifutiki, na kitu kikikaa ukutani miaka 20 kinaanza kuonekana kama sehemu ya dini.

Ubao haukuleta madhara kwa sababu muadhini hakuufuata. Alikuwa mzee wa makamo ya babu zetu, na alikuwa na tabia moja tuliyomcheka utotoni. Jioni, watu wote wakitazama ziwani jua linakozama, yeye alilipa ziwa mgongo na kutazama milimani, mashariki. Tulisema macho yake yamechoka, hajui hata magharibi iko wapi. Akishaangalia milima kwa muda, alikohoa na kuanza kuadhini.

Wiki ya mwisho ya Shaaban mwaka huu mzee aliugua, akabaki nyumbani. Vijana wakashika zamu. Kijana hana uzoefu wa kusoma mbingu, lakini ana saa, na ubao upo. Jioni za siku zile zilikuwa za mawingu mazito, hakuna aliyeliona jua. Adhana ikawa saa 11:55 kila siku. Ijumaa nilipanda basi kutoka Bujumbura kwenda nyumbani, nikafuturu kwa adhana hiyo. Programu iliyo kwenye simu yangu ilisema Magharibi ni saa 12:22. Nikajiambia simu imeshika hesabu ya mji mwingine. Nakiri hapa: mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, mwenye vitabu vya fiqhi chini ya kitanda, niliona tofauti ya dakika 27 na sikuuliza.

Jumamosi niliadhini mimi. Tulikula tende, tukanywa uji. Wengine walikuwa wamefika kwenye mihogo na ndagala. Tukajipanga kwa sala, na katika rakaa ya pili ukuta wa ndani ukawa wa rangi ya chungwa. Mawingu ya upande wa Kongo yalikuwa yamefunguka. Tulipotoa salamu na kutoka nje, jua lilikuwa bado juu ya milima, zima, linatutazama. Hakuna aliyesema neno. Mtoto mmoja tu ndiye aliyemuuliza baba yake kama kesho nayo tutafuturu mchana.

Usiku ule sikulala vizuri, nikaanza kutafuta jinsi ubao uliopimwa vizuri ulivyoweza kukosea kwa karibu nusu saa. Nilidhani sababu ni urefu wa mchana. Siyo. Juni jua letu huzama karibu saa 12:01 na Desemba karibu saa 12:11. Dakika 10 tu. Tofauti kubwa haiko kati ya miezi hiyo miwili. Iko kati ya mwisho wa Oktoba, ambapo jua huzama karibu saa 11:54, na katikati ya Februari, ambapo huzama karibu saa 12:24. Adhuhuri nayo inakwenda hivyohivyo: mwanzoni mwa Novemba jua hupita katikati ya mbingu karibu saa 5:46, na katikati ya Februari karibu saa 6:17.

Sababu ni kwamba saa ya mkononi huigawa kila siku sawasawa, saa 24 kamili, na jua halifanyi hivyo. Dunia hailizunguki jua kwa duara kamili. Hulikaribia zaidi mwanzoni mwa Januari, na hapo mwendo wake huongezeka. Ule mwinamo wa mhimili nao unaongeza lake. Matokeo yake, kutoka adhuhuri ya leo hadi ya kesho wakati mwingine hupita pungufu ya saa 24, wakati mwingine zaidi. Mwishoni mwa Desemba zinazidi sekunde 30 hivi kwa siku. Ukijumlisha ziada za kila siku tangu mwanzo wa Novemba hadi katikati ya Februari, unapata nusu saa nzima. Kule Brussels jambo hili lipo pia, lakini limefunikwa na mabadiliko makubwa ya mchana. Kwetu mchana hautikisiki sana, kwa hiyo hili ndilo linalotawala saa ya Magharibi.

Waislamu waliijua hesabu hii zamani sana, wakaiita taadil al-ayyam. Misikiti mikubwa iliajiri mtu wa kazi hiyo, muwaqqit. Ibn al-Shatir alikuwa mmoja wao katika Msikiti wa Umayya kule Damascus, na saa ya kivuli aliyoutengenezea mnara wake ni ya mwaka 1371. Nasi miaka zaidi ya 600 baadaye tulikuwa na ubao wa rangi.

Na kwa nini ubao haukugunduliwa mapema? Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Kutoka Novemba ilipitia Agosti, Julai, Juni, Mei, miezi ambayo ubao ulikosea kwa dakika 2 hadi 13 tu, na mzee alikuwa hai na macho yake. Ilipofika Machi kosa lilizidi dakika 20, lakini bado mzee alikuwepo. Ilipoingia Februari, hakuwepo.

Jumapili asubuhi tulikwenda kwa imamu wetu. Swali la kwanza la watu lilikuwa saumu. Kuna hadithi katika Bukhari inayotuhusu moja kwa moja: Asma bint Abi Bakr (r.a.) anasimulia kwamba zama za Mtume (s.a.w.) walifuturu siku ya mawingu, kisha jua likajitokeza. Hisham, mmoja wa wapokezi, alipoulizwa kama waliamrishwa kulipa, imepokewa kwake kwamba hilo halina budi, na imepokewa pia kwamba hajui kama walilipa au hawakulipa. Imam Malik katika Muwatta ametaja tukio la namna hiyo kwa Umar (r.a.), ambaye aliliona jambo lenyewe kuwa jepesi kwa kuwa walikuwa wamejitahidi, Malik ameelewa kwamba wepesi huo ni wa kulipa siku moja. Ibn Taymiyya ameona hakuna kulipa. Maimamu wanne, na huo ndio msimamo wa madhehebu yetu ya Shafi, wanasema hakuna dhambi kwa aliyedhani kwa dalili, lakini siku hiyo inalipwa, kwa sababu asili ni kwamba mchana bado upo mpaka ithibitike umeondoka. Alfajiri ni kinyume: asili ni usiku kubaki. Binafsi nilitamani kauli ya Ibn Taymiyya. Imamu akaniuliza swali moja: "Ustadh, wewe ulijitahidi au ulitazama ubao?" Nikanyamaza.

Swali la pili hakuna aliyeliuliza mpaka imamu alipolitaja mwenyewe: sala. Tulikuwa tumesali Magharibi kabla ya wakati wake tangu wiki ile ya mwisho ya Shaaban. Aya ya 103 ya Suratun Nisaa imeifanya sala kuwa faradhi yenye nyakati zake, na sala iliyotangulizwa kabla ya wakati haihesabiwi. Hizo nazo zikalipwa, moja moja. Naona ajabu kwamba tuliumia kwa tende tuliyokula mapema, na rakaa tatu hazikutuuma hata kidogo mpaka tulipoambiwa.

Baada ya hapo nilikwenda kumsalimia mzee. Mkwe wake alinipokea akilalamika: siku zote hizo, adhana ikiadhiniwa, mzee alikataa kufuturu. Alibaki na tende mkononi akitazama dirishani, na nyumba nzima ikadhani ni ugonjwa. Dirisha lake linatazama mashariki.

"Babu, shikamoo. Ulijua tunakosea?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilijua mlima bado una jua. Nilimtuma mtoto aje awaambie, akakuta mnakula."

Akanieleza, na maelezo yake nimeyakuta baadaye kwa Imam Nawawi. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mfungaji hufuturu usiku unapoingia kutoka mashariki, mchana ukaondoka upande wa magharibi, na jua likazama, ni hadithi ya Umar (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Penye milima, jua kujificha nyuma ya kilele si kuzama. Alama ni mwanga wa jua kuondoka kwenye vilele vya upande wa pili, na giza kuanza kupanda kutoka mashariki. Kwetu hili lina uzito wake, maana jua la huku hushuka karibu wima, na kila nyuzi moja ya urefu wa mlima wa ng'ambo hulificha dakika 4 kabla ya wakati. Anayetazama ziwa anadanganywa na milima ya Kongo. Anayetazama milima yetu anaona mwisho wa mwanga kweupe. Kwa hiyo yule tuliyemcheka kwa kulipa ziwa mgongo ndiye pekee aliyekuwa akitazama mahali penyewe.

Jambo jingine nililoligundua nikiwa kwenye hesabu hizi ni la Alasiri. Kwa Shafi inaingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wake, juu ya kile kivuli kilichokuwepo jua lilipokuwa katikati. Wengi husahau hiyo nyongeza. Nilichomeka kijiti cha mita moja uani. Kwa mahali petu, mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri ni kama sentimita 51, nacho huangukia kusini. Mwishoni mwa Desemba ni kama sentimita 36, nacho huangukia kaskazini. Wiki ya pili ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba hakuna kivuli kabisa, jua liko utosini. Anayesahau nyongeza mwezi wa Oktoba hapotezi kitu. Anayeisahau Juni atasali Alasiri karibu saa nzima kabla ya wakati: ataanza karibu saa 8:31, na wakati wenyewe ni karibu saa 9:28.

Na tukumbuke kwamba Ramadhani inaendelea kurudi nyuma. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza Januari na nyingine mwisho wa Desemba, na ya 2031 itaikuta ile siku ya Desemba yenyewe. Ndugu zetu wa Brussels watafunga kama saa 10. Sisi tutafunga zaidi ya saa 13 na nusu, saumu zetu ndefu kuliko zote, na ujumbe wa mchana mfupi utatufikia kama kawaida.

Ubao haukutupwa. Tumeugeuza, na upande wa nyuma tunaandika kwa chaki nyakati za wiki ile tu. Namba nilizozitaja hapa ni za Magara, zinaweza kupishana dakika moja hivi. Wa mji wa Rumonge wanaweza kuzitumia kwa tahadhari hiyohiyo. Wa Muyinga wasizitumie: wako karibu nyuzi 1 mashariki yetu, na jua huwatangulia kama dakika 4.